Josephu na Viazi vya Mkwewe

Watu wa Shangani hapa Mtwara wakimtaja Josephu siku hizi husema alikuwa mtu safi. Ni kweli, alikuwa safi. Alipiga viatu rangi kabla ya chai na akavipiga tena baada ya chai. Alivaa soksi ndefu za kufika magotini, kitana kimechomekwa ndani ya soksi ya kulia, na mfuko wa shati ulikuwa na kalamu mbili, moja haiandiki. Usafi wake ndio huo. Mengine nitayasema mimi, maana niliishi naye ukuta kwa ukuta kwenye nyumba za watumishi, na ua wa makuti uliotutenganisha huko nyuma ulikuwa umechoka, utake usitake unaona ya mwenzio.

Alikuwa karani wa ghala pale bandarini Mtwara. Mume wangu alikuwa fundi wa winchi bandarini hapo hapo, kwa hiyo habari za kazini kwake nilizipata mezani kwangu. Kazi aliijua, sitamsingizia. Tatizo lake lilikuwa kwamba aliishi kama mtu anayepigwa picha. Hakuna alichokifanya bila kwanza kutazama nani anamwona.

Alitoka milimani Njombe, na kwake yeye kiazi kilikuwa kimoja tu duniani, kile cha mviringo. Huku kwetu kilikuwa nadra miaka ile. Kililetwa na meli ya pwani kutoka Dar es Salaam, na kikifika nusu ya gunia imeoza, harufu inatangulia mlangoni. Josephu alivinunua hivyo hivyo na kuvibeba kwenye kikapu kisichofunikwa, akapita navyo barabara ya mbele ingawa njia ya nyuma ndiyo ya karibu. Kisha mkewe avikaange, naye akae barazani na uma na kisu, wapita njia wamwone akikata kiazi kilichokwisha kukatwa. Viazi vitamu aliviita chakula cha nguruwe. Muhogo aliuita kuni. Nilimsikia akimwambia mume wangu kwamba watu wa pwani hawajaendelea kwa sababu ya wanachokula, na mume wangu, mpole yule, akamjibu kwamba huenda ni kweli. Mimi nilikuwa ndani nakuna nazi, nikaikuna ile nazi mpaka nikafika kwenye kifuu.

Mkewe aliitwa Amelia. Mama yake, Bibi Esperanca, alivuka Ruvuma na watoto vita vilipochacha ng'ambo, akapewa kipande cha shamba Kilambo, karibu na mto, akaanza upya na jembe la kuazima. Amelia aliletwa mjini kwa masista kujifunza kushona. Josephu alimwona kwenye kwaya. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, akicheka mabega ndiyo yanayotikisika. Sijui alimpendea nini mtu yule. Labda soksi.

Kwa hao Wamakonde wa ng'ambo, mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba, si baba. Basi aliyekuja kuzungumza posa alikuwa mzee Fernando, kaka yake Bibi Esperanca. Hawakudai makubwa. Walitaka jambo moja tu, na nililisikia kwa masikio yangu maana mazungumzo yalifanyika kwa Josephu na mimi ndiye niliyepika. Kila mwaka, viazi vitamu vya kwanza kuchimbwa shambani mwa mama mkwe vitaletwa kwa mkwe. Navyo vitapikwa na binti yao, mkwe avile. Akila, amesema bado yumo. Akivikataa, amemrudisha mtoto, na mjomba atakuja kumchukua bila ugomvi. Mzee Fernando alilieleza taratibu, akarudia, akauliza kama limeeleweka. Josephu akasema limeeleweka kabisa, huku anatazama saa yake. Walipoondoka alicheka mpaka akakohoa, akasema hawa watu wa porini wana mambo.

Mwaka wa kwanza kapu likaja, limefungwa kwa majani ya mgomba, udongo wa mtoni bado umeshika kwenye viazi. Amelia alivipika kama mama yake anavyopika, na hapo ndipo nilipojua kwamba mimi nilikuwa naharibu viazi maisha yangu yote. Kwetu Msimbati, nilikozaliwa, tunatia kitunguu, tunatia nyanya, mwenye nafasi anatia bizari. Yeye hakutia kitu. Alimenya, akakata vipande vikubwa, akavipanga ndani ya chungu kimoja kimoja, vigumu chini, laini juu. Akamimina tui la pili na chumvi, akafunika kwa jani la mgomba, moto wa kuni usio na pupa. Mwiko haukuingia mle. Viazi vilipoanza kulegea alikishika chungu kwa matambara akakitikisa kidogo, kisha akatia tui zito na kuondoa kuni, akaviacha vimalizikie kwenye makaa mpaka tui likaanza kutoa mafuta pembeni. Chini ya chungu kikabaki kile kigaga cha hudhurungi, kitamu kuliko viazi vyenyewe. Alinipa kipande, nikala, nikalamba na vidole.

Josephu aliporudi kutoka kazini aliweka mkono puani. Akasema harufu ya nazi imeingia kwenye koti lake. Alitoka barazani, akaomba mkate. Amelia hakubishana. Alifunika chungu, akachukua ndoo akaenda bombani.

Hapo ndipo nilipoona. Nilikuwa uani kwangu naanua nguo, na ule ua wa makuti una tundu la kutosha kichwa. Josephu akaingia jikoni kwao nyuma, akachungulia huku na huku, akafunua chungu. Alikula amesimama, mgongo ameuelekeza mlangoni, kwa mkono, bila uma, bila kisu, tai ameitupa begani isichovye. Alikula kipande baada ya kipande. Kisha akachukua kijiko akakwangua kigaga, nikisikia kijiko kinavyolia kwenye udongo. Alipomaliza alinawa, akakaza tai, akarudi barazani kumalizia mkate wake.

Nilimdharau toka siku ile. Mtu asiyependa viazi namwelewa, kila mtu na ulimi wake. Lakini mtu anayevipenda hivyo, halafu anavitukana mbele ya aliyevipika, huyo sina neno zuri la kumpa. Amelia alirudi na ndoo, akafunua chungu, akakuta kitupu. Alikaa kidogo amekishika kifuniko. Kisha mabega yakatikisika. Akaosha chungu, na ujumbe ukapelekwa Kilambo kwamba mkwe amekula.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Viazi vikipikwa, Amelia anatafuta safari ya bombani, na Josephu anatafuta safari ya jikoni. Yeye alidhani mkewe hajui. Jambo hilo lilinichekesha na kunichefua kwa pamoja. Nilimwuliza Amelia kwa nini anamvumilia, akasema mtu anakula, hata kama anakula kwa siri, na mjomba wake hakusema lazima ale hadharani.

Kisha Josephu akapandishwa cheo, akawa msaidizi wa mkuu wa maghala, na kichwa kilichokuwa kikubwa kikapata nafasi ya kukua. Mkuu wake aliitwa Bwana Filipo, mtu mnene, mzito wa maneno, ambaye Josephu alimwogopa na kumwiga. Bwana Filipo alivaa kofia, Josephu akanunua kofia. Bwana Filipo alikohoa kabla ya kusema, na nyumba ya pili ikaanza kukohoa. Josephu alimwalika chakula cha mchana mara nyingi, na mara zote mkuu alikuwa na shughuli.

Mwaka huo kapu la Kilambo lilifika saa mbaya. Josephu alikuwa barazani na makarani wenzake wawili, wamekunja nne, wanazungumza habari za kupandishwa mishahara. Kijana wa lori akalitua kapu miguuni pake, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba ni viazi vya mama mkwe. Wenzake wakacheka. Josephu akakohoa, akasema, hawa ndugu wa shamba hawajui mtu anakula nini. Akamwita mtu mmoja aliyekuwa akipita, Mateus, ambaye alifuga nguruwe kule nyuma ya Chikongola, akamwambia achukue kapu lote awape wanyama wake. Amelia alitoka mbio. Aliwahi kuzoa vichache, akavikusanya kwenye kanga, mbele ya wale makarani, na mumewe akamwambia aache kumwaibisha.

Mimi ni Mwislamu, nguruwe hawanihusu, lakini siku ile niliwaonea wivu.

Jambo ambalo Josephu hakujishughulisha kulijua ni kwamba Mateus naye alivuka mto kama kina Amelia. Alivitambua viazi vya kwanza kwa lile jani la mgomba lililofungwa mdomoni mwa kapu, na hakuthubutu kumpa mnyama. Alivirudisha Kilambo ndani ya kapu lake, akaliweka mlangoni kwa Bibi Esperanca. Mama wa watu alilitazama kapu lake. Wanasema hakulia, aliingia ndani akalala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu avuke.

Ujumbe ulikuja kwamba mzee Fernando atafika Jumapili. Amelia alikuja kwangu uani, akakaa kwenye kinu kilicholala, akanieleza. Alikuwa bado na vile viazi vichache alivyovizoa. Mjomba akija atavikuta vimepikwa, na Josephu akila mbele yake, hata kipande kimoja, jambo litakwisha, kapu litakuwa limepotea njia tu. Asipokula, ataondoka na mjomba. Nilimwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akasema anataka kubaki. Alisema Josephu si mtu mbaya, anaogopa tu macho ya watu, na siku wakiwa peke yao huimba. Sikujua kwamba huimba.

Usiku wa Ijumaa alimwambia mumewe wazi, akanisimulia asubuhi. Josephu alikubali. Nadhani aliogopa kweli, maana kesho yake alitembea kwenda kazini bila kukohoa. Aliahidi kwamba atakaa na mzee, atakula, na mambo yatakwisha.

Basi Jumapili, baada ya misa, Bwana Filipo akamwambia kwamba leo hana shughuli.

Mtu mwingine angesema, mkuu, leo nina mgeni wa ukweni, tufanye wiki ijayo. Ni sentensi fupi, hata mtoto anaimudu. Josephu alikuja nyumbani anatoka jasho, akamwambia Amelia apike wali, achinje kuku, na vile viazi vya mviringo vilivyobaki avikaange. Amelia akauliza, na vya mama? Akasema navyo apike, lakini viwekwe pembeni, ataona namna. Niliitwa kusaidia. Kuku nilimchinja mimi, nikakuna nazi, nikapuliza moto wa meko mawili, na Amelia alipanga viazi vya mama yake ndani ya chungu, vigumu chini, laini juu. Chungu hakikujaa hata nusu.

Mzee Fernando alifika kwa lori la asubuhi, amevaa koti jeusi lililokunjamana na viatu amevishika mkononi, akavivaa mlangoni. Josephu alimpokea barazani. Alimpa mkono kwa ncha za vidole, akamwonyesha kiti cha pembeni, kile cha kamba, akamwambia mzee apumzike, ataletewa chai na mkate. Alidhani, nasema kweli, alidhani akimshibisha mkate shughuli itakuwa imekwisha. Mzee alikaa. Chai hakuigusa.

Kisha Bwana Filipo akaingia na kofia yake, na Josephu akawa mtu mwingine, kiuno kimelegea, kicheko kimepanda. Akamtambulisha mzee kuwa ni ndugu wa mbali wa upande wa mke. Mjomba aliyemlea Amelia baada ya kuvuka mto akawa ndugu wa mbali. Nilikuwa mlangoni na sinia la wali, nusura limponyoke mtu mzima kama mimi.

Tulipanga meza. Wali, kuku, viazi vya kukaanga ambavyo vingine vilikuwa vimeungua, uma na visu. Amelia aliingia mwisho. Alibeba chungu chenyewe, hakupakua kwenye bakuli, akakitua katikati ya meza mbele ya mumewe, akafunua jani. Mvuke ukapanda. Josephu akatazama chungu, akamtazama Bwana Filipo, akatazama tena chungu. Akamwambia mkewe kwa sauti ya chini arudishe hicho jikoni.

Mzee Fernando ndiye aliyesema, bila kunyanyua sauti.

"Nkwe wangu, hivyo ni viazi vya dada yangu. Nimekuja kuona unakula. Kimoja tu."

Josephu alicheka. Alimgeukia Bwana Filipo, akamwambia kwamba wazee wa shamba wana utani wao, kwamba yeye vitu hivi hajapata kuvitia mdomoni tangu azaliwe, tumbo lake halivijui. Alisema hivyo tangu mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa kukohoa.

Nilimtazama Amelia. Nilidhani atalia, na nilikuwa tayari kulia naye. Hakulia. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Miaka yote hii umekula umesimama jikoni, mgongo umeupa mlango," alimwambia. "Nilikuachia chungu nikaenda bombani ili ushibe. Leo nilitaka ule umekaa, basi."

Josephu alifungua mdomo, na nakwambia bado palikuwa na nafasi. Mzee alikuwa anamsubiri. Mkewe alikuwa anamsubiri. Kipande kilikuwa hapo, mbele ya mkono wake, kina tui mpaka pembeni. Mkono ulinyanyuka kweli. Ulifika kwenye uma, ukauchukua, ukaenda kuchoma kiazi cha kukaanga.

Mzee Fernando akasimama. Alimwambia Amelia, "Twende, mwanangu," na Amelia akaingia chumbani akatoka na kanga zake na mkasi wake wa kushonea kwenye kifurushi. Ilichukua muda mfupi kiasi kwamba nilielewa alikwisha kukifunga tangu asubuhi. Alinishika mkono jikoni. Nilimwambia chungu nitakiosha nimletee, akasema nibaki nacho. Wakapita barazani, mzee mbele, Amelia nyuma, na huko barabarani mzee akavua viatu akavishika mkononi.

Mezani Josephu alikuwa akieleza jambo kuhusu shehena ya korosho. Bwana Filipo hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amekivuta chungu karibu, amekunja mikono ya shati. Alikula kwa mkono, mkubwa mzima yule, vyote, akakwangua na kigaga. Alipomaliza aliuliza kama vimebaki jikoni. Nilimwambia havikubaki. Akasema ni hasara, akavaa kofia yake, akaenda zake. Wali na kuku hakuvigusa.

Josephu alibaki na kuku mzima.

Amelia hakurudi. Alishona Kilambo, na baadaye aliolewa na mtu wa hapo hapo. Josephu alizungumza mtaani kwamba alimrudisha yeye kwa sababu hakusoma, na waliomwamini ni wale waliokuwa wageni. Viazi vya mviringo aliendelea kuvibeba kwenye kikapu kisichofunikwa, na barazani aliendelea na uma wake. Uani kwao palikuwa kimya, na kuni zikaota uyoga.

Msimu uliofuata nilikuwa nimepika. Nilipika kwa kile chungu, vigumu chini, laini juu, bila kitunguu, na kwa kweli nimezoea hivyo mpaka leo. Nikasikia mtu anakohoa mlango wa nyuma. Alikuwa Josephu, kofia mkononi. Aliniita Bi Mwanahawa kwa adabu ambayo hakuwahi kunipa, akaniambia kwamba harufu imefika kwake, na kama vipo vya ziada asingekataa.

Nilipakua bakuli limejaa. Sikuwa na moyo wa kumnyima mtu chakula, hata huyo. Lakini bakuli nililipeleka barazani, mbele, nikaliweka juu ya mkeka, nikamwekea na kigoda. Ilikuwa saa ambayo watu wanatoka bandarini, barabara imejaa. Nikamwambia karibu, kaa.

Alikuja mpaka kwenye mlango wa mbele. Alikitazama kigoda, akatazama barabara, kisha akatazama bakuli kwa njaa ambayo sijapata kuiona kwa mtu aliyeshiba. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama hawezi kuvila ndani, pale nyuma ya mlango, amesimama tu, haichukui muda.

"Viazi hivi huliwa mtu amekaa," nilimwambia.

Alirudi nyuma hatua moja. Kisha akatoa kitana kwenye soksi, akachana nywele zake, akaenda kwake kwa njia ya nyuma.